Kibao Kilichosema Hakuna

Nilikuwa nafunga sambaza za mteja, asubuhi, kwenye soko la karibu na ziwa, nilipomkuta mwanangu kwenye karatasi.

Karatasi nilikuwa nimeikunja kama pembe, vile tunavyofanya sisi wote wa sambaza, vidagaa vya ziwa letu, za kukaanga. Unakunja, unabana chini kwa kidole gumba, unajaza, unampa mtu. Nilikuwa nimeshajaza. Jicho likaangukia mstari mmoja, na huo mstari nilikuwa naujua kabla sijausoma: "Kovu la mafuta ya moto, mkono wa kushoto, juu kidogo ya kiganja." Maneno hayo yalitoka kinywani mwangu mimi. Niliyasema, mzee mmoja akayaandika, nikimtazama.

Mkono wangu ukabaki hewani. Mteja, mama mmoja wa koti la ofisi, akacheka.

"Mama, unanipa ama unanibania? Mi niko na njaa."

Nikaisogeza karatasi karibu na macho. Mafuta yalikuwa yameanza kupita. Unajua karatasi ikinywa mafuta inakuwaje: ya nyuma yanakuja mbele. Maandishi mengine, ya bluu, yakawa yanatokea polepole chini ya yale yangu, yamegeuka kinyumenyume, kama mtu anayekujia kwenye ukungu akitanguliza mgongo. Nikamwaga sambaza zake kwenye beseni, nikaikunjua karatasi, nikaigeuza.

"Jibu kutoka ng'ambo. Mtoto ameonekana. Ni mzima. Anaitikia jina lake. Anakaa na mwanamke anayeuza makaa, karibu na"

Halafu makasi. Karatasi za kufungia hatuziuziwi nzima, tunauziwa nusu, ili pembe iwe ndogo na samaki waonekane wengi. Nusu yangu iliishia pale. Karibu na.

Nikamwaga bunda lote la karatasi chini. Zote zilikuwa fishi, karatasi za ofisi ya watoto waliopotea, na kila moja ilikuwa nusu ya mtoto. Mvulana wa sweta ya kijani. Mapacha, mmoja hasemi. Msichana anayeogopa mbwa. Siku tatu nzima nilikuwa nimefungia watu samaki kwa watoto wao, na labda baadhi ya mama zao walikuwa wateja wangu, wakala, wakafuta vidole, wakatupa. Nusu ya chini ya mwanangu haikuwemo.

Nikaenda kwa jirani yangu wa meza ya pili, aliyenunua bunda kwa muuza karatasi yuleyule. Nikaanza kunyang'anya pembe mikononi mwa watu.

"We! Acha pembe ya watu!" jirani akapiga kelele. "Wivu wa biashara gani huu, asubuhi yote hii?"

"Mwanangu iko ndani," nikasema.

"Ndani ya sambaza?" Watu wakacheka. Kisha mmoja akaniangalia usoni akaacha kucheka, akasema taratibu, "Mumupe maji huyu. Mumukalishe."

Mvuvi mmoja alikuwa ameshamaliza kula, na karatasi yake ilikuwa inaelea mahali boti zinapofungwa. Nikaingia majini na kitenge changu mpaka kiunoni. Nilipoishika ilikuwa imeshakuwa kama ngozi ya maziwa. Wino umeondoka wote. Mpaka leo sijui kama ndiyo yenyewe.

Hiyo ndiyo siku mbaya. Ninazo nyingine mbaya, lakini zile zina damu, na damu mtu anaielewa. Hii sijaielewa mpaka sasa, ndiyo maana naiandika. Naiandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichouzia samaki maisha yangu yote, huku na ng'ambo ya mpaka. Kinyarwanda nimekiachia maombolezo.

Mwanangu, msichana, alikuwa na miaka minne nilipompoteza. Ni mwaka ule wa mauaji. Hakuna mtu wa hapa anayeniuliza mwaka gani. Mume wangu walimuua uani kwetu. Baba yake, mkwe wangu, walimkuta kitandani, hakuweza kuamka. Waliofanya vile ni majirani, nimeshawataja mbele ya wakubwa, mmoja mmoja, na nyumba zao. Sitaki kuwachanganya na hawa wengine, wa ofisi. Hawa wengine hawakushika panga. Walikuwa na adabu, walinipa kiti.

Mtoto nilimpitisha kwa ziwa. Wavuvi wetu hufunga boti tatu pamoja kwa miti mirefu, wanaziita ekipi, na mkuu wa ekipi moja alikubali kubeba wanawake wachache mpaka ng'ambo, upande wa Goma, Kongo. Nafasi yangu haikuwepo. "Mutoto hana uzito," akasema. "Leta mutoto." Nikamweka kwenye mapaja ya jirani yangu mwanamke. Mimi nilivuka siku mbili baadaye kwa miguu. Jirani nikamkuta, mtoto sikumkuta. Alimkalisha juu ya jiwe jeusi, yale mawe yaliyotapikwa na mlima, akaenda kutafuta maji. Aliporudi jiwe lilikuwepo.

Hivyo ndivyo alivyosema. "Jiwe lilikuwepo."

Baada ya vita ikafunguliwa hapa mjini Rubavu ofisi ya watoto waliopotea, upande wa Nengo, kwenye nyumba ya zamani yenye baraza. Mwanzoni kazi yote ilikuwa ya mzee mmoja aliyewahi kuwa katekista. Kila mtoto alikuwa na fishi yake, karatasi moja nene. Mbele ni maneno ya mama. Nyuma aliacha patupu, pa kungojea. Barua zilitoka kwenye vituo vya ng'ambo, zinabebwa na akina mama wa biashara wanaopita barrière ndogo, kile kizuizi cha mpakani, kila siku na maharage yao, na jibu likifika mzee analinakili kwa kalamu ya bluu nyuma ya fishi. Halafu anatuma mtu akuite. Alikuwa mpole na mwepesi wa hasira pia. Ukimwambia mtoto ni mzuri alikuwa anakukatiza: "Wote wazuri. Niambie kitu ambacho wengine hawana." Nikamwambia kovu.

Mahali pa jina la babu mzaa baba nilikaa kimya.

Hapa lazima nieleze, maana kila kitu kimeingia kupitia hapa. Kwetu mke halitaji jina la mkwe wake. Si kwamba amekatazwa na sheria. Ni heshima, tunaiita gutsinda, na mimi nililelewa na mama aliyeishika mpaka akawa anazunguka hata maneno ya kawaida yanayofanana na jina la mkwewe. Mwanamke akilazimika, mtu mwingine wa mji wa mume wake hulisema badala yake: wifi, shemeji, mtoto mkubwa. Mimi wa kulisema badala yangu hakubaki hata mmoja. Mji wote uliisha kwa siku moja. Na yule mzee aliyeuawa kitandani hana kaburi, hana msalaba, hana picha. Ule ukimya wangu ndio nyumba yake pekee iliyobaki imesimama. Unaelewa? Nikilitamka naibomoa.

Mzee wa fishi hakuniuliza mara mbili. Aliandika kidogo tu pembeni: "Mama anaheshimu." Akaendelea. Wanawake wa namna yangu aliwapanga kwa kilima walichotoka, na aliwajua kwa nyuso.

Basi, mwaka wa tisini na nane kibao kikaja.

Tulikuwa tumeona kompyuta, hatukuwa washamba. Lakini ile haikuwa na kichwa wala meza ya herufi. Ilikuwa bapa, ya kijivu, nzito kama jiwe la kusagia, upande mmoja kioo, na kalamu isiyo na wino imefungwa kwa kamba. Unaandika juu ya kioo, herufi zinabaki. Wazungu waliitoa msaada baada ya wao kuitumia miaka, nilisikia ilikuwa ya kuhesabia makasha kwenye ghala. Pamoja nayo akaja fundi, kijana wa kwetu aliyekulia Kampala, Kiswahili chake kinachechemea. Na juu yao alikuwepo direkta mpya, aliyerudi kutoka Tanzania, Kiswahili chake kizuri kama redio.

Siku ya kuizindua walituita tukae barazani, wanawake kama thelathini. Fundi akakiinua kibao tukione.

"Ndani nimeweka Linux, programu ya kuiendesha," akasema. "Hii haiuzwi, ni ya bure, watu wa dunia nzima wanaitengeneza. Inatembea hata kwa machine mugonjwa kama hii."

"Kama ni mugonjwa si mulete nesi?" mama mmoja akasema nyuma, tukacheka.

Akaonyesha. Akaandika barua fupi, ikasomeka. Akajumlisha hesabu. Akaweka picha ya mtoto, ikatokea kutoka juu kwenda chini, nywele kwanza, kisha macho, halafu ikakaa kidogo, halafu mdomo. Wengine tukashika vifua. Haikuwa picha ya mtoto wa mtu yeyote pale, lakini ule muda macho yamekuja na mdomo bado, kila mmoja alikuwa anangoja mdomo wa wake.

Direkta akauliza kwa sauti, ili tusikie: "Kwa hiyo kina nguvu ya kutosha kazi za kila siku?"

"Kinatosha kabisa, sir. Barua, lists, hesabu. Ya kila siku kinaweza."

Nikainua mkono. Nilikuwa na mdomo bado, siku zile. "Shefu, tukinunua boti hatuipimi ikiwa nchi kavu. Hii inabeba watu wangapi?"

Direkta akatabasamu. "Mama, hii si boti."

"Najua si boti. Inabeba wangapi?"

Fundi akashusha kibao. Niliona anamtazama direkta, na direkta anatazama saa. Mzee wa fishi alikuwa amekaa mwisho wa baraza na kofia yake juu ya goti. Wiki hiyohiyo walimshukuru, wakamwambia apumzike. Akaenda kwao Mudende kulima viazi.

Kilichotokea ndani ya ofisi baada ya hapo nilikijua baadaye, fundi mwenyewe aliniambia. Kibao kilishindwa siku ya pili. Kumbukumbu yake ilikuwa ndogo. Ukikiomba kitafute mtoto kwa kovu, au kwa kilima, au kwa nguo aliyovaa, kilikuwa kinaganda, kinapata moto chini, kioo kinabaki na nusu ya neno. Fundi akasema kinaweza kikipewa mlango mmoja tu wa kutafutia: jina la ukoo. Direkta akauliza, ukoo maana yake nini, maana Wanyarwanda hatuna jina la ukoo, kila mtoto ana lake. Wakakubaliana wao wawili, kwenye viti, wakinywa chai: jina la babu mzaa baba. Direkta akaweka sahihi. Mtoto ambaye babu yake hakuandikwa, kibao hakimpokei. Kinapiga mlio mdogo kama chura, kinakataa.

Wanaume wawili, wote damu ya hapa, mama zao wote wamezaliwa hapa. Mmoja alikulia Kampala, mwingine Tanzania. Hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba wanaokuja kutafuta watoto ni wake wa watu.

Nilipoitwa kuhamishiwa kwenye kibao, fundi alikuwa na fishi yangu mbele yake, kalamu ya kioo mkononi.

"Mama, jina ya babu."

"Sitaji."

"Hujui?"

"Najua. Sitaji."

"Mutu wote iko na jina." Akaguna. "Niandikie kwa karatasi, basi."

"Kuandika na kusema ni kimoja."

Akaandika hivyohivyo, akagusa kioo. Mlio wa chura. Akagusa tena. Mlio. Alinitazama bila hasira, nikitaka kuwa mkweli. Kisha akainama akaiweka fishi yangu kwenye sanduku la katoni chini ya meza. "Hii itaingia baadaye," akasema. "Ikikuja machine kubwa." Mimi nilidhani kinachongojea ni jina la babu. Sikujua kwamba kinachongojea ni mwanangu mzima.

Kuanzia hapo nilikuwa naenda kila Jumanne, kabla ya kushuka sokoni. Chumba kile kilibadilika. Wakati wa mzee kilikuwa na kelele, akina mama wanagombana zamu, mzee anapiga meza. Sasa kilikuwa kimya. Kuna mashimo huku kwetu kwenye nchi ya mawe meusi ambamo hewa mbaya hukaa chini kama maji, tunayaita mazuku. Mbuzi anaingia kula majani, anapiga magoti, anaonekana kama amelala. Hakuna harufu, hakuna kelele. Kila Jumanne nikivuka ule mlango nilikuwa navuta pumzi ya mwisho nje.

Fundi alikuwa anafunga mapazia ili kioo kisomeke. Mwanga wa kibao ulikuwa unampiga kutoka chini, unampa uso wa mtu mwingine. Nilikuwa nakaa, naweka beseni langu juu ya sanduku la katoni, maana sakafu ilikuwa na vumbi, na miguu naiegemeza palepale. Yeye anaandika jina la mwanangu kwenye kioo. Kioo kile kilikuwa kizee, hakikufuta haraka. Jina la mtoto wa mama aliyenitangulia lilibaki nyuma ya la wangu, hafifu, la kijivu, dakika nzima. Nilikuwa nayaona majina mawili yamelaliana. Mara nyingine matatu. Nikawa najua watoto wa kina nani wametafutwa asubuhi hiyo bila kuambiwa. Na nilipokuwa naondoka nilikuwa najua wangu anabaki pale chini ya jina la mwingine, anafifia.

"Hakuna," fundi anasema.

"Angalia tena."

"Mama, nimeangalia. Hakuna."

Siku moja umeme ukakatika. Mji wote ukazima, redio ya jirani ikanyamaza, lakini kibao kikaendelea kuwaka kwa betri yake, peke yake kwenye kile chumba chenye mapazia. Mama mmoja mlangoni akaomba kwa sauti. Fundi akacheka ili atupe moyo: "Musiogope, kiko na nguvu ya saa mbili." Kilikuwa bado kimeandika sifuri.

Miezi mitano hivi. Miezi mitano nilikanyaga sanduku lile. Jibu la bluu lilikuwa ndani yake. Barua ilifika kabla mzee hajaondoka, siku zake za mwisho kazini. Alilinakili nyuma ya fishi, akaiacha mezani ili waniite. Hawakuitazama nyuma. Kibao hakikuwa na nyuma, kwa hiyo na wao wakaacha kugeuza.

Kisha sanduku likajaa, na direkta akataka ofisi safi kwa sababu wageni wanakuja. Muuza karatasi wa sokoni akaitwa.

Siku ile ile niliyotoka majini nilipanda Nengo nikiwa nimelowa. Fundi aliiona karatasi mkononi mwangu, akakaa chini kabla sijasema.

"Ulisema hakuna."

"Nilisema hakuna kwa machine," akajibu. Sauti ilikuwa ndogo. "Mama, naapa, sikujua iko na jibu nyuma. Nilijua tu hauko ndani. Niliogopa kukuambia hauko ndani."

"Miezi mitano uliandika jina lake kwenye kioo, na unajua hayuko."

"Nilikuwa naandika kwa sababu ulikuwa unaangalia."

Hilo ndilo jibu lake. Kwa huyu nina hasira, lakini angalau alikuwa na jibu. Direkta alinipokea mlangoni mwa ofisi yake, akanipa kiti, nikakiacha.

"Mama, pole sana. Naomba uelewe. Kifaa kile kilikuwa na nguvu ya kutosha kwa kazi za kawaida. Fishi yako, kwa bahati mbaya, haikuwa ya kawaida."

"Ya kawaida ni ipi?"

"Yenye taarifa zote."

"Shefu, we ulirudi mwaka gani?"

Akaniambia.

"Bon. Basi nikuambie ya kawaida ya hapa. Ya kawaida ya hapa ni mwanamke ambaye watu wa mume wake wamekwisha wote. Unamkuta kila mlango. Kama mashine yako haiwezi huyo, haiwezi kazi ya kila siku. Inaweza kazi ya ghala."

Akaniambia nimechoka, nirudi kesho. Kesho yake alikuwa Kigali. Baada ya muda mfupi alipewa ofisi kubwa zaidi, huko yuko.

Nilipanda Mudende kumtafuta mzee. Ilikuwa baridi, ukungu umelala juu ya mashamba ya viazi, ng'ombe unawasikia huwaoni. Nilimkuta ameketi mlangoni, amepungua sana, lakini alinijua. Sikumwonyesha karatasi kwanza. Nilimwambia tu: "Muzee, fishi yangu, unaikumbuka?"

Akafumba macho. Akaanza kuisema kama sala. Jina la mtoto, miaka, kilima. Pengo la jino la juu. Kovu la mafuta ya moto, mkono wa kushoto, juu kidogo ya kiganja. "Mama anaheshimu." Kisha akageuza kiganja chake juu ya goti, vile mtu anavyogeuza karatasi, na akaendelea. Jibu kutoka ng'ambo. Mtoto ameonekana. Ni mzima. Anaitikia jina lake. Anakaa na mwanamke anayeuza makaa, karibu na.

Akanyamaza.

Nikangoja. Midomo yake ilikuwa inatembea bila sauti. Hakuwa ameiona karatasi, ilikuwa imefungwa kwenye kitenge changu, na alisimama palepale makasi yalipopita.

"Karibu na wapi, muzee?"

Akafumbua macho. Yalikuwa na maji. "Mwanangu, nilikuwa naona kila neno. Sasa hapo ni peupe."

Nilikaa naye mpaka mchana. Tulijaribu majina ya mahali, moja moja, yote tunayoyajua ng'ambo: karibu na soko, na kanisa, na barrière, na bandari. Kila moja anasema labda. Nilipoondoka akaniambia barua ililetwa na mama wa maharage, na mama huyo hapiti tena, na kituo kilichoiandika kilifungwa, watu wake wametawanyika.

Nilivuka. Nilivuka mara nyingi kuliko ninavyoweza kusema. Kule Goma nimeuliza kila mwanamke mwenye makaa niliyekutana naye, kwa heshima, nikianza na salamu na hali ya nyumbani. Nimewashika watoto wa kike mikono ya kushoto barabarani mpaka nikatukanwa. Huwezi kujua ni wanawake wangapi wanauza makaa mpaka umtafute mmoja. Kisha vita vya huko vikaanza tena, na waliokuwa karibu na kitu fulani wakawa karibu na kitu kingine.

Yule muuza karatasi simlaumu, alinunua karatasi. Kibao sikilaumu pia, wala ile Linux yake ya bure. Kiliulizwa kama mtoto yumo ndani, kikasema hayumo, na kweli hakuwemo. Nimejilaumu mimi. Kuna usiku na mchana nimejiuliza: ningelitaja lile jina, mara moja tu, mbele ya kijana asiyemjua yule mzee, ingekuwaje? Nimelitaja sasa, wajue. Nililitaja peke yangu, ufukweni, kwa sauti, nikiwa na lile bunda la nusu za watoto. Hakuna kilichoanguka. Hakuna aliyerudi. Nilichelewa, na nitalijibu hilo mbele ya wakwe zangu tukikutana.

Lakini mimi najibu. Ninataka na wewe ujibu.

Wewe direkta, sikuandiki jina, mji mzima unalijua. Ulikipima kibao kwa barua na picha ya mtoto wa kigeni, ukataka tusikie kwamba kinatosha. Siku ya pili ulijua hakitoshi. Uliambiwa, na ukachagua kupunguza watoto ili kibao kiweze. Ninataka uje hapa Rubavu, siyo kwa gari la kufunga vioo, ukae kwenye baraza lile mbele ya wale wanawake, uniambie kwa mdomo wako: walikuwa watoto wangapi kwenye lile sanduku? Nani alikuambia liuzwe? Ulifungua hata fishi moja? Uligeuza hata moja? Na wale wageni uliowasafishia ofisi, uliwaambia nini walipokuuliza watoto wako wapi?

Mwanangu anaitikia jina lake mahali fulani. Njoo uniambie ni karibu na nini. Na kama hujui, njoo useme hujui, useme kwa nini, tukikuangalia.